Mnataka Utani Usio na Tusi? Basi Zikeni Wenyewe!

Siku hizi ukienda msibani hapa Morogoro mjini, iwe Mji Mpya, iwe Kihonda, iwe Mafiga, kabla mwili haujatolewa ndani atasimama jamaa mmoja wa kamati, daftari la michango kwapani, na kutangaza: "Wale ndugu zetu watani, tunawaomba sana, leo tuheshimu msiba." Kwa Kiswahili cha mtaani maana yake ni moja tu: watani, fungeni midomo. Na watu wazima na akili zao wanatikisa vichwa, ndiyo, ndiyo, huo ndio ustaarabu. Mimi siafiki. Huo ni woga uliovaa tai.

Msomaji utanisamehe nikianza kwa ukali. Ningenyamaza kama tangazo hilo lingeishia msibani. Lakini halikuishia hapo. Limepanda daladala likaingia redioni, likaingia mashuleni, likaingia katika ofisi za wachapishaji, na sasa linabisha hodi kwetu sisi vijana tunaojifunza kushika kalamu: toeni maneno makali, toeni matusi, toeni majina ya makabila, toeni kila kitu ambacho kinaweza kumkera mtu. Haya, tukishatoa vyote hivyo, kitabaki nini? Tutaandika juu ya mawingu ya Uluguru mpaka lini?

Kwa wenzangu mliozaliwa mjini na kulelewa na televisheni, acha kwanza nieleze utani ni kitu gani, maana wengine mnadhani ni kule kuchekana kijiweni wakati wa kusubiri kahawa. Utani ni mkataba. Kwetu milimani, Matombo, Kinole, Mgeta na kwingineko, Mluguru hufuata ukoo wa mama yake, na ukoo una koo zake za watani zinazojulikana. Mtoto hakui bila kuambiwa: wale pale ni watani zetu, wakikutukana usinune, warudishie. Halafu upo utani wa kabila na kabila. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali katika karne ya 19; leo ni watani. Wanyamwezi walishuka na misafara ya pembe za ndovu mpaka Bagamoyo, njiani wakakutana na Wazaramo. Leo ni watani. Misafara hiyo ilipita hapa hapa kwetu, pale Simbamwene, mji wenye boma uliojengwa na Kisabengo chini ya mlima, ambao Stanley aliuona mwaka 1871 akiwa njiani kumtafuta Livingstone. Wazee wanasema hivi: mtu uliyepigana naye, au mgeni uliyemwogopa njiani, mnaweka naye utani ili mkikutana tena mpigane kwa mdomo tu.

Sasa tuje msibani. Mtani anakuja na fujo zake. Anavaa koti la marehemu na kutembea kama marehemu. Anakohoa kama marehemu. Anataja madeni ambayo marehemu hakulipa, na wanawake ambao marehemu alidhani hawajulikani. Anamuuliza mjane ni nani atakayemkuna mgongo kuanzia leo. Analala njiani jeneza lisipite mpaka apewe chochote. Anakamata kuku wa wenye msiba mchana kweupe na hakuna wa kumwita mwizi. Na wafiwa hawana ruhusa ya kukasirika. Akikasirika mtu, yeye ndiye aliyevunja mila.

Wenye daftari kwapani wanaona hapo tu. Hawaoni kwamba mtu huyo huyo ndiye aliyeshika jembe tangu alfajiri akichimba kaburi. Ndiye aliyepewa kazi ambazo mfiwa hawezi kuzifanya kwa sababu mikono yake inatetemeka. Na kesho akifiwa yeye, wewe utakwenda kwake, utashika jembe, na tusi lake utamrudishia pamoja na riba.

Mwaka 1963 Mmarekani mmoja, James Boyd Christensen, alichapisha makala juu ya utani wa Waluguru katika jarida la American Anthropologist. Ukisoma kichwa chake tu utaona kaweka mambo matatu kwa pamoja: mzaha, uhuru katika mambo ya faragha, na wajibu. Mgeni kutoka Marekani aliona kwamba vitu hivyo vimefungwa kamba moja. Sisi wenye mali tunataka kukata viwili tubaki na kimoja. Tunamtaka mtani achimbe kaburi kimya kimya kama kibarua, kisha aondoke kwa mlango wa nyuma. Hapana bwana. Mnataka utani usio na tusi? Basi zikeni wenyewe!

Nitatoa mfano nilioushuhudia, ili asitokee mtu kusema kijana huyu anachonga tu. Alifariki mzee mmoja aliyekuwa na mashine ya kusaga. Mzee mkali, tena bahili wa kutupwa. Mtaa mzima ulijua mchezo wake: alikuwa anazima mashine kabla unga wako haujatoka wote, na ule unaobaki ndani jioni unakwenda gunia lake. Siku ya msiba ikasomwa historia ya marehemu. Mpole! Mkarimu! Alipenda watu wote! Watu walikuwa wanatazama vidole vya miguu yao. Binti yake mkubwa alikaa mkekani macho makavu kama jiwe, maana alikuwa anasikiliza habari za mtu asiyemfahamu. Ndipo akatokea bibi mmoja, mtani, kajipaka unga uso mzima, kashika kopo la kupimia. Akaanza kupita kwa waombolezaji: lete debe lako mwanangu, lete, nusu yako na nusu ya mashine, mashine nayo ina tumbo. Sauti ile ile ya mzee. Kikohozi kile kile cha vumbi la unga. Yule binti alianza kucheka, akacheka mpaka akashindwa kujizuia, na kicheko kikageuka kilio. Mimi nilikuwa karibu, na nawaambieni, hicho kilikuwa kilio cha kwanza cha kweli siku ile. Baba yake halisi alikuwa ameletwa uwanjani, na huyo ndiye aliyekuwa anahitaji kuagwa.

Wenye dini watasema hayo ni mambo ya kale. Sitakaa sana hapo. Masheikh na mapadri wamezika Waluguru wakiwa na watani pembeni kwa zaidi ya miaka mia, na dini bado ipo na watani bado wapo. Wengine watasema watani wa siku hizi wanafuata hela tu. Hilo nakubali kidogo. Nimewaona vijana wasio na utani na mtu yeyote pale, wanavaa matambara na kuzuia gari mpaka watoe elfu mbili, halafu wakati wa kufukia huwaoni. Hao ni matapeli, na dawa yao ni kuuliza: wewe ni mtani wa nani, kwa ukoo upi, na jembe lako liko wapi?

Hoja nzito ni nyingine, na hiyo sitaipita kwa kukimbia. Kuna mshikaji wangu mmoja, msomaji mzuri kuliko mimi, aliniambia: "Wewe unatetea matusi ya makabila kwa sababu hukumbuki Rwanda." Rwanda naikumbuka kwa kuisoma. Kulikuwa na redio, RTLM, iliyoanza kurusha matangazo mwaka 1993. Ilipendwa. Ilikuwa na muziki mzuri, na watangazaji wake waliongea kama washikaji wa kijiweni, kwa mizaha na vicheko. Katika vicheko hivyo Watutsi waliitwa mende. Mwaka 1994, mauaji yalipoanza, redio hiyo hiyo iliwachochea wauaji, na mamia ya maelfu ya watu wakauawa. Mwezi Desemba 2003 Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliyokuwa Arusha, hapa hapa nchini kwetu, iliwatia hatiani watu watatu: Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza kwa mambo ya redio hiyo, na Hassan Ngeze wa gazeti la Kangura. Kwa hiyo simwambii mtu kwamba neno halivunji mfupa. Neno linaweza kushika panga.

Lakini hebu tujiulize taratibu. Waliokuwa wanaitwa mende, walipewa kipaza sauti lini? Nani kati yao aliingia studio jioni ile ile na kumrudishia mtangazaji tusi lake, watu wakacheka, kisha wakaenda kuchimba kaburi pamoja? Hakuna. Mdomo ulikuwa wa upande mmoja na masikio ya upande mwingine. Utani ni kinyume chake kabisa, una milango miwili. Mhehe akiambiwa leo kwamba anakula mbwa, hana haja ya wakili. Analo lake tayari mdomoni, na Mngoni analijua, na anasimama kulisubiri.

Hapa ndipo ninapotofautiana na watu wa fagio. Wao wakilikuta neno wanauliza: neno hili linakera? Kama linakera, litoke. Mimi nauliza jingine: aliyesemwa, anaweza kujibu? Pale pale, kwa ukali ule ule, na asiadhibiwe? Kama anaweza, acheni mchezo uendelee hata kama masikio yenu yanawasha. Kama hawezi, basi hata mzaha mtamu wenye maneno laini kama pamba ni uonevu.

Tazameni fagio lenyewe linavyofagia. Mwezi Machi 2017 msanii Nay wa Mitego alikamatwa hapa hapa Morogoro kwa sababu ya wimbo wake "Wapo". Baraza la Sanaa, BASATA, likaufungia wimbo. Kisha Waziri wa Habari wa wakati ule, Dk. Harrison Mwakyembe, akatangaza kwamba Rais Magufuli ameagiza msanii aachiwe na wimbo upigwe, na hata akashauri waongezwe watu wengine wa kusemwa, wakiwamo wakwepa kodi. Vijana tulishangilia mitaani. Mimi pia nafurahi mtu akitoka mahabusu, nani asiyefurahi? Lakini tulishangilia bila kuangalia vizuri. Mtani haombi kibali kwa anayetaniwa. Ikiwa mkubwa ndiye anayeamua tusi lipi limemfurahisha na lipi halikumfurahisha, na tena anapendekeza beti za kuongeza, huo tena si utani. Ni mfalme na mchekeshaji wake.

Na siku mkubwa asipocheka? Mwezi Oktoba 2019 mchekeshaji Idris Sultan alibadilisha picha, akaweka sura yake mahali pa sura ya Rais na ya Rais mahali pa yake, ilikuwa salamu za siku ya kuzaliwa. Akaitwa polisi na kuwekwa ndani. Mei 2020 akakamatwa tena, safari hii kwa video aliyokuwa anaicheka picha ya zamani ya Rais. Kucheka tu, wallahi! Mtu mwenye polisi, mwenye redio, mwenye kila kitu cha kujibia, alilindwa asichekwe.

Sasa nioneshe mtu aliyeitwa polisi kwa kuigiza mlinzi wa Kimasai ambaye kila siku ni mjinga. Nioneshe aliyefungiwa kwa kuigiza mfanyakazi wa ndani ambaye kila siku ni mwizi wa sukari au mwizi wa mume. Wako tele hao katika vichekesho vyetu, na hakuna fagio linalowagusa. Yule dada wa kazi anaangalia kichekesho hicho sebuleni, amesimama, trei mkononi, wenye nyumba wamekaa wanacheka, na yeye anatakiwa acheke kidogo halafu arudi jikoni. Atajibu nini? Atajibu kwa mshahara wa nani?

Nakumbuka zaidi habari ya watu wenye ualbino. Kuanzia mwaka 2007 hivi walianza kuuawa na kukatwa viungo, hasa mikoa ya Kanda ya Ziwa, kwa imani za waganga na tamaa ya utajiri. Na katika miaka ile ile, mtaani, vijana wa rika langu na wakubwa zetu walikuwa wanamwona mtu mwenye ualbino anapita stendi na kumwita "dili". Dili limepita hilo! Na watu wanacheka. Ukiwauliza wanakwambia ni utani tu. Utani wa nani? Yeye ana ukoo gani wa utani na wewe? Akikujibu, atakutisha kwa kitu gani, wakati wewe usiku unalala na yeye halali? Hapo mimi sina huruma na msemaji. Lakini angalia kilicho kibaya pale. Neno "dili" ni neno safi, limo hata katika matangazo ya simu. Fagio la maneno lisingelikamata.

Kuna mchezo wa Wazungu ambao ugomvi wake unanisaidia katika hili. Unaitwa Dungeons & Dragons, ulitoka Marekani mwaka 1974, waliuunda Gary Gygax na Dave Arneson. Watu wanne watano wanazunguka meza. Mmoja ni msimuliaji, anasema mko pangoni, giza, mnasikia nyayo. Wengine kila mmoja ameshika nafasi ya mtu wa kubuni, anasema afanyalo, na dadu zinaamua kama ameweza. Ukiufikiria sana ni ndugu wa hadithi za bibi jikoni, tofauti ni kwamba wasikilizaji nao wamo hadithini. Sasa katika mchezo huo kuna viumbe viitwavyo orki, ambavyo kwa miaka mingi vitabu vyake vilivieleza kama kabila zima la washenzi waliozaliwa wabaya. Watu wakaanza kuuliza: maneno haya mbona ni yale yale tuliyosemwa sisi weusi? Mwaka 2020 kampuni yenye mchezo, Wizards of the Coast, ikaahidi kubadilisha. Mwaka 2022 ikatoa kitabu chenye viumbe mfano wa nyani waliowahi kutiwa utumwani, ikapigiwa kelele, ikaomba radhi na kuondoa maneno yale. Katika kitabu kipya cha mwaka 2024 hata neno la kutaja mbari limetolewa, likawekwa jingine. Tangu hapo wachezaji wamegawanyika makundi mawili wanatukanana, hawa wanasema safisheni kila kitu, hawa wanasema msiguse hata nukta.

Kwangu mimi makundi yote mawili yanaangalia kitabu na kusahau meza. Orki hakai mezani. Hawezi kujibu. Mtu mweusi anayefananishwa naye, kama yupo mezani, anaweza kujibu tu ikiwa wenzake watamsikiliza, na kama hayupo, basi ni yule yule dada wa trei. Kwa hiyo waliopiga kelele mwaka 2022 nawaelewa kabisa; ile ya nyani na utumwa ilikuwa dharau ya mtu kwa mtu asiyekuwepo. Lakini dawa niliyoipenda haikutoka kwa kampuni. Ilitoka kwa mchezaji mmoja aitwaye John Stavropoulos, aliyebuni kadi yenye alama ya X. Kadi inakaa katikati ya meza. Mchezo unaweza kuwa na damu, usaliti, laana, chochote. Lakini mchezaji yeyote, hata mgeni wa siku ya kwanza, akiigusa kadi ile, jambo hilo linarukwa, hakuna kuulizwa kwa nini, na mchezo unaendelea. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka peke yangu. Wamegundua utani! Uchungu uwepo, mpaka uwepo, na ufunguo wa mpaka awe nao kila aliyekaa, asiwe nao karani wa ofisini ambaye hachezi.

Turudi kwetu sisi wa kalamu, maana ndio hasa ninaowaandikia. Mwaka 1971 marehemu Euphrase Kezilahabi alitoa Rosa Mistika, na kikapigwa marufuku mashuleni kwa kuwa kinaeleza waziwazi mambo yanayowapata wasichana. Wasichana wenyewe walikuwa wanayapata mambo hayo bila kusoma kitabu chochote. Baadaye kitabu hicho hicho kikaja kusomeshwa. Nani alilindwa kwa miaka ile ya katikati? Mimi naona walilindwa wanaume waliomo kitabuni. Na tusidhani hayo ni ya zamani. Mwezi Februari 2023 Waziri wa Elimu, Profesa Adolf Mkenda, alitangaza kuvifungia vitabu 16 visitumike mashuleni, ukiwemo mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid wa Jeff Kinney, kwa maelezo kwamba vinakwenda kinyume na maadili. Sisemi kila kitabu kinamfaa kila mtoto, mtoto wa darasa la tatu si wa kidato cha tatu. Nasema tukizoea kutatua jambo kwa orodha ya marufuku, kazi ya kuamua tunaiondoa kwa mwalimu na mzazi waliokaa na mtoto, tunampa mtu wa mbali.

Nami fagio limenifikia. Nina riwaya, ni ya kwanza, nimeiandika kwenye madaftari manne tangu nimalize kidato cha nne. Sura ya saba kuna msiba Msamvu. Amekufa fundi gereji, Mngoni, na rafiki yake wa miaka mingi ni Mhehe muuza mkaa. Huyu Mhehe anakuja msibani, analala kifudifudi juu ya jeneza, anapiga kelele: ninyi mlimkimbia Chaka kule kusini mkatembea kwa miguu mpaka soli zikaisha, na leo umekimbia tena, hujanilipa gunia langu la mkaa! Dada wa marehemu anainuka na kuwaambia majirani wafunge mbwa wao haraka. Watu wanacheka. Kisha Mhehe anashuka, anachukua sepetu, na hasemi neno tena mpaka kaburi linajaa. Nilipoiandika sehemu hiyo mkono ulikuwa unauma na sikutaka kuacha.

Mchapishaji mmoja, simtaji, alinirudishia madaftari yamejaa wino mwekundu. Jeneza lisilaliwe. Mbwa atoke. Chaka atoke, atawaudhi. "Mhehe" iwe "mtu wa mkoa jirani" na "Mngoni" iwe "marehemu". Nikaisoma upya sura yangu kama anavyoitaka: mtu wa mkoa jirani alifika msibani, akasikitika, akatoa pole. Basi. Sasa kwa nini mtu huyo achimbe kaburi? Hakuna anayejua, hata mimi mwandishi sijui. Kwa kulitoa tusi ametoa urafiki wote, maana katika sura ile urafiki haukuwa na mahali pengine pa kukaa.

Wenzangu baadhi, nilipowasimulia, walisema poa, sisi tuandike tunavyotaka, uhuru ni kutukana yeyote. Hapo pia hatukuelewana. Nimesoma hadithi za vijana wenzangu ambamo kila mwanamke ni malaya na kila kiwete ni mchawi, na mwandishi anajiita jasiri. Ujasiri gani wa kumpiga aliyefungwa mikono? Kama unamtaka kiwete katika hadithi yako, mpe mdomo. Mpe sura nzima akutukane wewe mwenye miguu miwili, na asishindwe. Ukishindwa kumwandikia jibu lake, ujue hukuwa unamfahamu, na hapo futa, hakuna haja ya kusubiri BASATA.

Kinachoniogopesha kuliko wino mwekundu ni kwamba hata hao wa kujibu wanapungua. Ukimuuliza kijana wa Kihonda leo watani wa ukoo wa mama yake ni akina nani, anakutazama kama umemuuliza hesabu. Mjomba hakumwambia, mjomba mwenyewe yuko Dar anatafuta maisha. Kwa hiyo jamaa wa kamati akisimama na daftari lake kuwanyamazisha watani, mara nyingine ananyamazisha watu wanne waliobaki, wazee wote, na mmoja wao ni yule bibi wa unga.

Sura ya saba haijaguswa. Nimempelekea yule mchapishaji barua fupi, nikamwomba anitukane mimi na riwaya yangu kwa kadiri anavyoweza, kwa maandishi, nami nipewe ukurasa wa kumjibu. Mpaka leo kimya. Juzi mtu anayefahamiana naye kaniambia kwao ni Songea. Mngoni kabisa! Mngoni kakaa ofisini na kalamu nyekundu anamfuta Mhehe kitabuni. Basi nimeamua habari hizi nizipeleke kwa muuza mkaa mmoja ninayemfahamu pale Msamvu, mzaliwa wa Iringa, ana sauti kubwa na hana haraka.